Polisi Wanamaji: Tunawakumbuka Maji Yakishafika Shingoni

Juzi jioni nilikuwa kijiweni kwetu Magomeni Mapipa, pale kwa muuza kahawa, kashata mkononi, nasikiliza wazee wakilijadili jeshi la polisi. Kama kawaida, trafiki walipewa za kwao, FFU wakapewa za kwao. Zamu ya polisi wanamaji ilipofika, mzee mmoja akacheka hadi kahawa ikamwagika. "Wale wanakula upepo tu," akasema. "Wanalipwa mshahara kwa kupunga upepo wa bahari ambao sisi wengine tunalipia nauli kuufuata Coco."

Kijiwe kizima kikacheka, na mimi nikacheka. Halafu kicheko kikanikwama kooni, maana nilikumbuka siku ambayo hao wala upepo walinirudisha nchi kavu, nami nikawatukana kimoyomoyo njia nzima.

Ilikuwa sikukuu ya Idi, miaka miwili iliyopita. Tulikuwa kundi la vijana, wengine waandishi wenzangu, wengine marafiki wa chuo. Tulikwenda ufukwe mmoja wa kaskazini mwa jiji, tukachanga, tukapanda boti ya mtu binafsi kwenda kisiwa cha Mbudya. Boti ilijaa. Nahodha alikuwa anaendelea kuita watu huku maji yakikaribia ukingo. Laifu jaketi zilikuwepo nne, zimefungwa kwa kamba chini ya benchi, na juu yake wamepanga kreti za soda. Hakuna aliyeuliza. Na mimi, mtu ninayeuliza maswali kwa ajili ya kula, sikuuliza.

Hatukufika mbali. Boti ya doria ikaja ubavuni, askari watatu ndani. Wakamwambia nahodha azime injini. Manung'uniko yakaanza: "Hawa wanataka hela ya sikukuu." "Wameona vijana wanafurahi, roho zinawauma." Askari mmoja, mtu mzima kidogo, akatuacha tuseme tukamaliza. Kisha akauliza swali moja: "Nani kati yenu anajua kuogelea? Anyooshe mkono."

Tulikuwa ishirini na kitu. Mikono iliyonyooka ilikuwa mitatu, mmoja wa nahodha, mwingine wa msaidizi wake.

Hakutoa hotuba. Alimwambia nahodha ageuze boti, wakatusindikiza hadi ufukweni. Tukashushwa, tukarudishiwa nusu ya hela kwa mbinde, na siku nzima ikaishia kwa kuwasema polisi. Hakuna aliyesema asante. Mchana upepo ulikaza na mawimbi yakawa makubwa. Hatukuzama, hivyo hatukupata habari ya kuandika. Hapo ndipo penye tatizo la kazi yao, na pia la kazi yangu: ajali iliyozuiwa haiingii gazetini.

Wadau, hebu tujiulize kwanza hawa watu wanafanya nini hasa. Pwani ya Tanzania Bara na visiwa vyake ina urefu wa zaidi ya kilomita 1,400. Ongeza Ziwa Victoria, Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa. Polisi wanamaji ni kikosi cha Jeshi la Polisi kinachotakiwa kuonekana katika maji yote hayo, mchana na usiku. Tusiwachanganye na Jeshi la Wanamaji la JWTZ, ambalo kazi yake ya kwanza ni ulinzi wa nchi, wala na KMKM wa Zanzibar, ambao jina lao lenyewe linasema wapo kuzuia magendo.

Kwa hapa Dar peke yake kazi ni nyingi. Kuna bandari bubu. Anayejua fukwe za kuanzia Kunduchi, Ununio, Mbweni hadi Bagamoyo anajua kwamba si kila jahazi linaloingia usiku limebeba samaki. Sukari, mchele, mafuta ya kula, vipuri, vyote hushushwa kwenye mchanga kabla jua halijatoka, na asubuhi viko Kariakoo na risiti zake. Sisi wa Magomeni tunavuka Jangwani kwenda Kariakoo kununua kwa bei poa, tunasema "Mungu ni mwema." Hatuulizi bei imekuwaje poa.

Kuna baruti. Kwa miaka mingi Dar ilikuwa na sifa mbaya duniani kwa uvuvi wa mabomu. Sheria iliukataza tangu mwaka 1970, na Sheria ya Uvuvi ya 2003 ikakazia, lakini watu wa Kunduchi na Kigamboni walikuwa wakisikia milipuko kama vile kuna harusi ya majini. Bomu moja linaua samaki wakubwa, wadogo na mayai, linavunja matumbawe yaliyochukua miaka mingi kukua, na sehemu ya samaki waliokufa huzama, hata mvuvi mwenyewe hawapati. Wapo waliopoteza viganja na macho. Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu tangu mwaka 1975, lakini bomu halisomi bango. Milipuko ilipungua sana baada ya katikati ya miaka ya 2010, pale serikali ilipounganisha polisi, watu wa uvuvi, misitu, wanyamapori na waendesha mashtaka katika kikosi kazi kimoja. Funzo lake ni kwamba doria ya majini inafanya kazi ikiwa kuna mtu nchi kavu anayefuatilia baruti inatoka wapi na samaki wanauzwa kwa nani.

Kuna unga. Heroini inayoondoka pwani za Iran na Pakistan kwa majahazi inashuka na upepo hadi huku kwetu. Januari 2012 zaidi ya kilo 200 zilikamatwa mkoani Lindi. Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata kilo 1,032 kwenye jahazi moja mashariki mwa Mombasa. Mzigo ukishashuka ufukweni unakuja vijiweni kwetu. Nani Magomeni hana ndugu, jirani au mtu aliyesoma naye ambaye leo amesinzia ukutani amejikunja kama alama ya kuuliza? Yule naye amepitia baharini.

Halafu kuna kazi ya kuokoa watu. Hii ndiyo iliyonifanya nikose usingizi baada ya kile kicheko cha kijiweni.

Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza. Zaidi ya watu 800 walikufa. Wengi wetu hatukuwa tumezaliwa, lakini kila Mtanzania amesimuliwa ile habari ya kutoboa meli: meli imepinduka, watu wanasikika wakigonga ndani, tundu linatobolewa ili waokolewe, hewa iliyokuwa inaishikilia meli inatoka, meli inakwenda chini. Wapiga mbizi walilazimika kutoka Afrika Kusini kuja kusaidia kuopoa miili. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander I ikazama katika mkondo wa Nungwi, njiani kwenda Pemba. Miili iliyopatikana ilikuwa mia mbili na kidogo, lakini hesabu ya uchunguzi iliyotolewa mwaka 2012 ilisema waliopotea ni zaidi ya 1,300. Miezi kumi baada ya ajali hiyo, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit iliyotoka hapahapa Dar ikazama karibu na Chumbe.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka Ukara, hatua chache kabla ya kufika gatini. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa ni 228. Soma tena: waliokufa ni zaidi ya mara mbili ya waliotakiwa kupanda. Giza lilipoingia uokoaji ukasimamishwa hadi asubuhi. Siku mbili baada ya ajali wapiga mbizi wakamkuta fundi wa kivuko yu hai ndani, kwenye sehemu iliyobaki na hewa. Kila nikiifikiria habari hiyo najiuliza walikuwepo wangapi wengine usiku ule wa kwanza.

Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliangukia Ziwa Victoria ikijaribu kutua Bukoba. Ndani kulikuwa na watu 43. Waliokufa ni 19, walionusurika ni 24. Waliofika kwanza ni wavuvi, na mitumbwi na kamba zao, na kijana mmoja mvuvi akawa shujaa wa taifa kwa siku chache. Polisi wanamaji walikuwa wapi? Ripoti ya awali ya uchunguzi, kama ilivyoandikwa na vyombo vya habari mwezi uleule, ilisema boti yao ilikuwa kwenye kazi nyingine, na ilipofika, oksijeni ya wapiga mbizi ilikuwa haitoshi na mafuta yalikuwa yamepungua.

Mafuta, jamani. Nchi inayofunga barabara saa nzima ili msafara wa magari upite, boti ya uokoaji inaishiwa mafuta watu wakiwa ndani ya maji.

Sasa utaniambia, wewe wa Magomeni, unahusika nini na bahari na maziwa? Panda mwendokasi pale Magomeni Mapipa uelekee Kariakoo, utapata jibu kabla hujakaa. Hapo katikati kuna Jangwani, na Jangwani ni ya mto Msimbazi. Mto huu kiangazi ni mfereji wa maji machafu ambao mtoto anauruka. Masika ni bahari. Kila mvua kubwa barabara ya Morogoro inafungwa, mabasi yanasimama, na Magomeni inakuwa kisiwa.

Desemba 2011 nilikuwa shule ya msingi. Mvua ile ilielezwa kuwa kubwa kuliko zote Dar tangu 1954. Zaidi ya watu 40 walikufa jijini. Nakumbuka kusimama na baba upande wetu wa bonde, tukaona mapaa ya nyumba na watu juu yake, wamekaa kama kunguru. Helikopta ilipita. Watu wakapunga kanga. Lakini karibu yetu aliyeingia majini alikuwa kaka mmoja wa mtaani aliyekuwa akivua na kuuza samaki Feri. Alijifunga kamba kiunoni, akabeba tyubu ya lori, akaenda na kurudi, akaenda na kurudi. Sikumbuki idadi ya aliowatoa. Nakumbuka alipokaa chini mwishowe alikuwa anatetemeka, na mama mmoja akamfunika kwa kitenge chake.

Darasani kwetu kulikuwa na kijana aliyekaa bondeni. Tulikuwa tunagawana penseli. Januari shule ilipofunguliwa dawati lake lilikuwa tupu. Mwalimu akasema familia yake imehamishiwa Mabwepande na waathirika wengine. Nilimwamini mwalimu. Nimekua, nimekuwa mwandishi, nimefika Mabwepande zaidi ya mara moja kwa kazi nyingine, na sijawahi kuuliza. Naogopa jibu.

Hivyo mtu asiniambie polisi wanamaji ni habari ya watu wa Feri na Kigamboni. Maji ya jiji hili yanatufuata majumbani.

Najua hoja ya upande wa pili, nimeisikia na ina uzito. Wavuvi wanalalamika kwamba doria ikija inakuja na mkono wazi. Kwamba mwenye ngalawa anasumbuliwa huku mwenye mzigo mkubwa anapigiwa saluti. Mwaka 2018, katika Operesheni Sangara kule Ziwa Victoria, nyavu nyingi zilichomwa moto, na malalamiko yalifika hadi bungeni. Ile haikuwa operesheni ya polisi wanamaji peke yao, iliongozwa na wizara ya uvuvi, lakini kwa mvuvi sare ni sare. Sitamtetea askari anayekula rushwa kwa sababu tu yuko juu ya maji. Rushwa ya majini ni mbaya kuliko ya barabarani, maana boti mbovu ikipitishwa kwa elfu kumi, haiishii kwenye bonde la barabara na mguu uliovunjika.

Lakini angalieni jinsi mambo yanavyokwenda. Mvuvi ndiye aliyefika kwanza Bukoba. Mvuvi ndiye aliyefika kwanza Ukara. Mvuvi wa Feri ndiye niliyemwona Jangwani. Mtu huyuhuyu ndiye doria inamtazama kama mtuhumiwa wa kwanza, naye anaitazama doria kama adui, akiona boti yao anazima taa. Sasa siku ya ajali hawa wawili wanakutana hapo, hawajuani, hawana lugha moja, hawana kamba moja. Tumewatenganisha watu ambao kazi ya kuokoa inawahitaji wote wawili.

Pia tuna wenye bahari wengi mno. Usalama wa vyombo uko TASAC, iliyochukua nafasi ya SUMATRA upande huo. Bandari ina mamlaka yake. Samaki wana idara yao, matumbawe yana hifadhi yao, kodi ina TRA, moto na uokoaji una jeshi lake. Dharura ya polisi tunapiga 112, Zimamoto tunapiga 114. Boti yako ikipinduka kati ya Kunduchi na Mbudya unapiga ipi? Niliwauliza watu kumi kijiweni. Wanane walisema watampigia ndugu yao. Mmoja alisema atapiga kelele. Wa kumi alisema simu itakuwa imeshalowa.

Basi mimi napendekeza hivi, na nyie mnipinge.

Kwanza, bajeti ya polisi wanamaji ihesabiwe kwa mafuta na oksijeni kabla ya kuhesabiwa kwa boti. Sherehe ya kukabidhi boti mpya tunaijua: utepe, mgeni rasmi, picha ukurasa wa kwanza. Nimewahi kutumwa kwenye sherehe za namna hiyo. Sijawahi kutumwa kwenda kuuliza, mwaka mmoja baadaye, ile boti imetoka mara ngapi. Hilo ni kosa letu waandishi, na wabunge nao waulize.

Pili, wavuvi wafundishwe na wasajiliwe kama waokoaji wa akiba. Vikundi vya kusimamia fukwe tayari vipo. Wapeni kamba, maboya, redio, mafunzo ya huduma ya kwanza, na fidia ya mafuta wanapotoka kuokoa. Yule kijana wa Bukoba alizawadiwa akaingizwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, vizuri sana. Lakini tukimwajiri shujaa mmoja baada ya kila msiba tutapata mashujaa wachache na makaburi mengi.

Tatu, sheria ya jaketi na orodha ya abiria isimamiwe bila aibu, hata siku ya Idi, hata kwa vijana wa mjini wenye simu kubwa. MV Bukoba na Spice Islander zote zilituacha tukibishana walikuwa wangapi ndani. Mtu anakufa, na nchi haijui kama alipanda.

Nne, tujifunze kuogelea. Shirika la Afya Duniani linasema watu takriban 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na Afrika ndiyo yenye kiwango kikubwa zaidi. Kule Nungwi, Mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa mavazi yanayostiri mwili mzima, hivyo tusisingizie dini wala mila. Sisi wa Dar tuna bahari upande mmoja na Msimbazi katikati, tunaogopa maji kama paka, halafu tunapanda boti bila jaketi. Ujasiri gani huo?

Narudi kijiweni. Kicheko kilipokwisha niliwasimulia wazee ile habari ya Mbudya, kreti za soda juu ya jaketi na lile swali la afande. Kimya kidogo. Kisha yule mzee aliyeanza utani akanigeukia. "Sasa mwanangu, siku ile mkono wako ulinyooka?"

Nikamwambia, "Hapana mzee. Haukunyooka."

"Na leo?"

Sikuwa na la kumjibu. Jumamosi ilipofika nilikwenda kuulizia bei za kufundishwa kuogelea. Ni ghali, na wanafunzi wenzangu wa somo la kwanza ni watoto wa miaka saba wanaonicheka. Nimelipia mwezi mmoja. Nikimaliza nitapanda daladala hadi Mabwepande, na safari hii nitauliza.

Naomba kutoa hoja.